Hatua Moja ya Anti Dorca

Anti yangu Dorca anadaka tikiti maji soko la Kibuye. Hiyo ndiyo kazi yake, na sijaona mtu anaifanya kama yeye. Lori ikifika, mtu wa juu anarusha tikiti, anti anaipokea kwa mikono miwili, anarudi hatua moja nyuma huku mikono ikishuka mpaka karibu na magoti, halafu anampitishia mama wa kando yake kama mtu anayepeana mtoto aliyelala. Tikiti ya kilo nane. Haitoi hata sauti.

Mimi si mtu wa maneno mengi. Jumamosi nikienda naye soko nakaa tu juu ya kreti nikimwangalia. Nimemwangalia tangu nikiwa darasa la nne na sijachoka.

Pale kwa lori kuna sheria. Ukipasua tikiti, unaikata wewe mwenyewe, unagawia kila mtu, na kabla hawajakula unasema mbele ya wote ni nini ilifanya ipasuke. Watu wanacheka sana. Lakini ukipasua tatu siku moja, unatoka kwa mstari na mwingine anachukua nafasi yako, basi. Anti amedaka miaka kumi na moja na hajawahi kupasua hata mbili kwa siku moja.

Jumamosi iliyopita alipasua mbili kabla ya saa tatu asubuhi.

Lori ilikuwa ingine, imeinuka kuliko ile tumezoea. Tikiti ya kwanza ilipasukia kifuani mwake, maji nyekundu ikashuka kwa leso aliyojifunga. Alikata, akagawa, akasema, "Iliteleza." Watu wakacheka. Ya pili hawakucheka sana. Alisimama na kisu akaangalia mikono yake. "Mikono imezeeka," akasema.

"Basi ipumzike, Mama," akasema Opondo, msimamizi wa lori. Si mtu mbaya, lakini tikiti zikipasuka yeye ndiye anaulizwa. "Wanyonyi, kaa karibu. Moja tu ikipasuka tena, unaingia."

Wanyonyi alikuwa ameegemea mkokoteni, kifua kama meza. "Usijali, Mama," akamwambia anti. "Nitakuwekea kiti pale kwa kivuli."

"Hicho kiti kalia wewe. Wiki jana si ulipasua tatu, tukashiba mpaka jioni?"

"Hizo zilikuwa mbovu."

"Zote tatu? Zilizaliwa mapacha?"

Watu wakacheka. Lakini niliona anti akipangusa mikono kwa leso mara mbili, mara tatu. Huwa hafanyi hivyo.

Wiki hiyo mwalimu wetu wa fizikia, Mwalimu Shitanda, alikuwa amenirudishia mtihani. Swali moja lilikuwa la kipa anayevuta mikono nyuma akidaka mpira: kwa nini haumii? Niliandika kwamba mikono ikirudi nyuma, momentum inayobadilika inakuwa kidogo. Momentum ni kilo za kitu mara spidi yake, hiyo naijua hata nikiamshwa usingizini. Mwalimu akanipiga sifuri, akaandika kando na kalamu nyekundu: "Mpira umesimama ama haujasimama?" Sikuelewa, na niliogopa kumuuliza.

Sasa nikakumbuka tikiti za anti za miaka hiyo yote. Zote zilisimama. Za Wanyonyi pia zilisimama, hata kama zilisimama vipande vipande. Kama kilo ni ile ile na spidi ni ile ile, mwendo wa kuondolewa, yaani hiyo momentum, ni ule ule, iwe ni mikono ya anti ama ni ukuta. Anti hapunguzi chochote. Anaongeza muda tu. Anaiondolea tikiti mwendo wake kidogo kidogo, kwa hivyo nguvu inayogusa ganda inakuwa ndogo. Wanyonyi anauondoa wote mara moja.

Halafu nikaangalia miguu ya anti. Nyuma yake mtu alikuwa amepanga gunia za viazi, visigino vyake vilikuwa vinazigusa. Zile tikiti mbili hakuwa amerudi nyuma hata kidogo. Lori imeinuka, tikiti inafika na spidi zaidi, anahitaji muda mrefu kuliko wa kila siku, na hata ule wa kila siku umekatwa. Mikono haikuwa imezeeka.

Nilijua ni lazima niseme. Mdomo ulikataa. Kulikuwa na watu kama ishirini hapo, na Ooko, yule wa juu, alikuwa ameshainua tikiti. Nikashuka kwa kreti, nikashika gunia moja kwa pembe, nikaanza kuvuta.

"We msichana," Opondo akasema, "unapeleka wapi viazi za watu?"

Nikaendelea kuvuta.

"Mama, huyu nyathi, huyu mtoto, ni wako? Ana shida gani?"

"Ni wangu. Awuor, ni nini?"

"Unahitaji hatua moja," nikaambia gunia.

"Ongea na sisi," Opondo akasema, "usiongee na viazi."

"Hatua moja ya nyuma. Tikiti lazima isimame. Akiwa na nafasi inasimama polepole, haipasuki. Hapa hana nafasi, inasimama ghafla. Na hii lori iko juu sana, labda anahitaji mbili."

Anti aligeuka, akaangalia gunia, akaangalia miguu yake.

"Wanyonyi," akasema, "leta hicho kifua kisaidie mtoto."

Na Wanyonyi akasaidia, gunia mbili kwa mara moja.

Anti akapima chini na mguu, Ooko akarusha. Mikono ya anti ikaenda juu kuikuta, ikashuka nayo, hatua moja, hatua ya pili, magoti yakakunjika, tikiti ikatulia. Kimya. Akaipitisha. Ya pili. Ya kumi. Opondo akamwambia Wanyonyi arudi kwa mkokoteni wake.

Lori ilibaki na tikiti moja. "Hiyo ni ya Awuor," anti akasema.

Ilikuja. Nilijua kila kitu kuhusu hiyo tikiti, na bado nilikaza mikono. Ilipasukia kifuani mwangu.

Nilikata, nikagawa. Wote wakashika vipande vyao wakaningoja.

"Nilikuwa na haraka ya kuisimamisha," nikasema, na safari hii niliangalia watu.

Anti alikuwa wa kwanza kuuma. "Ni tamu," akasema. "Jumamosi ijayo utakuja na leso yako."