Mfano wa Darasani

Kila mwaka Profesa Liang alipofika kwenye somo la moyo, alionyesha sampuli ile ile. Wanafunzi waliotangulia walikuwa wameizoea hata wakaipa jina la utani, Mkimbiaji, na kila darasa jipya lilirithi jina hilo pamoja na makoti ya maabara.

"Mwanamke, mtu mzima, kutoka jamii ya wawindaji wa Afrika Mashariki," alisema siku hiyo, picha ya vinasaba ikiwaka ukutani. "Tazameni hapa. Herufi moja tu imebadilika. Moyo wa mtu huyu unapiga vizuri akiwa amekaa, akila, akisuka kikapu. Akikimbia, umeme wake unachelewa kujipanga, na siku moja unaweza kuzimika ghafla. Mtu wa namna hii hapaswi kukimbia. Na ametoka kwa watu ambao maisha yao yote ni kukimbia."

Darasa likacheka kidogo. Hawakuwa watu wabaya. Walikuwa vijana wa milima ya Yunnan, wa misitu ya Borneo, wa visiwa vya Ufilipino, wote wamechaguliwa kwa sababu moja: walikuwa wazawa wa jamii ndogo za asili, na mafunzo haya yalianzishwa kwa ajili yao. Mmechunguzwa vya kutosha, tangazo lilisema, sasa njooni mchunguze wenyewe. Albina, Mhadzabe wa bonde la Yaeda, alilisoma tangazo hilo la chuo cha Guangzhou alipokuwa Dodoma, mwaka wa mwisho wa masomo, akalia kwa furaha mbele ya watu.

Naye alitabasamu pamoja na wenzake, kwa heshima ya mwalimu.

Zoezi la siku hiyo lilikuwa rahisi. Kila mwanafunzi alishatoa mate yake mwanzoni mwa muhula, na vinasaba vyake vilikuwa vimesomwa. Sasa achukue sampuli za ghalani kutoka kwa watu waliokaribiana na kwao, azilinganishe na zake, aone udugu wa mbali unavyoonekana kwenye kompyuta. Ghalani kulikuwa na sampuli chache za Wahadzabe. Albina akaziingiza zote, Mkimbiaji akiwemo, akaenda kula tambi.

Aliporudi, sampuli nyingine zilionyesha alichotegemea: binamu wa mbali, watu wa kambi jirani. Mbele ya Mkimbiaji kompyuta ilikuwa imeandika: mzazi na mtoto.

Alidhani amechanganya faili. Akarudia kazi yote kuanzia mwanzo, polepole, kama mtu anayepanga mayai. Jibu likawa lile lile. Na Albina hakuwahi kuzaa.

Akamkumbuka mama yake amechuchumaa kwenye kivuli, anatema mate ndani ya kichupa huku akicheka, maana kutema mbele ya wageni ni utovu wa adabu, na wageni wenyewe ndio waliokuwa wakimsihi ateme. Timu ile ilikuwa ya watu wa mataifa mengi. Waligawa mashuka, wakasema watarudi kueleza mate yamesema nini. Hawakurudi. Miaka ilipita, Albina akafika darasa la saba, na alasiri moja mama aliona mvua inakuja, akakimbia kuwahi nguo alizokuwa ameanika kwenye vichaka. Akaanguka kifudifudi. Kaka yake Albina, Abeli, alipomgeuza, alikuwa ameshakufa. Wengine walisema ni jua. Wengine walimkumbuka mjomba aliyeanguka vivyo hivyo akimfukuza pundamilia. Kifo hicho ndicho kilichompeleka Albina kusoma baiolojia.

Aligonga mlango wa Profesa Liang saa za chai.

"Mkimbiaji ni mama yangu," alisema.

Profesa alicheka kwanza, akidhani ni mzaha. Alipoisoma karatasi ya majibu aliyoishika binti, akafunga mlango, akammiminia chai ambayo hakuna aliyeinywa. Msimu ule ndio ule ambao kuta za Guangzhou hutoa jasho, na maji yalikuwa yakitiririka kimya kwenye dirisha nyuma yake.

"Mlijua lini kuhusu moyo wake?" Albina akauliza.

"Mimi niliipokea sampuli ikiwa imeshasomwa. Waliokusanya waliliona jambo hilo mapema. Mwaka uliofuata, nadhani."

"Alikuwa hai mwaka uliofuata. Aliishi miaka mingi baada ya hapo."

"Sampuli haina jina, Albina. Ina namba tu. Hakuna ambaye angejua amtafute nani."

"Tulikuwa kambi chache tu. Wangeuliza."

Profesa alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Waliotoa mate walikubali kwamba majibu binafsi hayarudishwi. Ndivyo mkataba ulivyokuwa zama zile."

"Mama yangu hakujua kusoma. Aliambiwa watarudi."

"Nakuamini," alisema, na pengine alimaanisha, akifungua faili la Albina kwenye kompyuta. "Kuna dawa ya tatizo hili. Vidonge vya kawaida, vya zamani, vinatuliza moyo. Wewe mwenyewe huna kasoro hiyo, nimeangalia sasa hivi. Una ndugu?"

"Nina kaka. Ni mwindaji. Ana binti mdogo."

Profesa akavuta daftari lake. "Nitaandika kwa kamati ya maadili. Lakini mpaka wajibu, usimwambie mtu. Uliapa siku ya kwanza, kama sisi sote. Ukivunja, siwezi kukulinda."

Albina alisubiri. Alikuwa amefundishwa kusubiri: foleni za mkopo wa chuo, foleni za viza. Wiki zikapita. Jibu lilipokuja lilikuwa la upole na refu, na maana yake ilikuwa hapana. Kumtambua mtu mmoja kungehatarisha siri ya wote. Hata hivyo kamati ilimpa pole mwanafunzi.

Jumapili hiyo alikwenda soko la nguo la Zhanqian kwa Kissa. Kissa alikuwa mama wa Kinyakyusa kutoka Tukuyu, mnene, mwenye sauti, anayenunua nguo za jumla na kuwasafirishia wateja wa masoko ya Mwanjelwa na Kariakoo. Walikutana kanisani, na tangu hapo alimwita Albina mdogo wangu na kumlisha kila alipomwona. Siku hiyo alikuwa akibishana na muuzaji juu ya marobota ya jinzi. "Bu xing, laoban! Haiwezekani, bosi, bei gani hiyo!" Alipomwona Albina usoni akaacha jinzi, akaacha bosi, akamvuta nyuma ya mapazia ya duka.

Albina alimweleza yote. Wapagazi walipita na mikokoteni, wakipiga kelele watu wapishe.

"Ngoja nielewe," Kissa alisema. "Kaka yako yuko porini anakimbia sasa hivi?"

"Ndiyo, dada. Siku hizi anawaongoza watalii. Wanakuja alfajiri wamwone akiwinda."

"Na wewe unangoja kamati?"

"Kamati imeshajibu."

"Basi unangoja nini?" Akamtolea simu yake. "Piga."

Abeli hakuwa na simu. Aliyekuwa nayo ni Bartholomeo, katekista, ambaye hupanda kilima kutafuta mtandao. Kwao ilikuwa bado asubuhi. Albina alimwamkia, akamsihi amtafute kaka yake, na baada ya kungoja kwingi sauti ya Abeli ikaja, inahema. Alikuwa amepanda kilima mbio. Albina aliisikia pumzi hiyo, akashindwa kusema.

"Umekufa huko?" Abeli akauliza, akicheka.

Walizungumza kwa lugha yao, ile ambayo Kissa hakuelewa hata neno. Albina alimweleza habari za mate ya mama, za moyo, za mjomba. Alimwambia asikimbie tena mpaka apimwe.

"Nisikimbie? Kwa hiyo swala atakuja mwenyewe aniombe nimle?"

"Abeli, nakuomba. Mama alikufa kwa hilo."

"Mama alikufa kwa siku yake."

"Basi nifanyie mimi. Nenda hospitali ya misheni, wakupime umeme wa moyo. Mpeleke na mtoto."

Alipomsikia dada yake akilia, Abeli akakubali. Alikwenda, peke yake, maana mkewe Goodness alikataa mtoto apelekwe. Kipimo kilionyesha kile kile ambacho Profesa Liang alikuwa akikifundisha miaka yote. Daktari alimpa vidonge, akamwambia maneno yale yale: usikimbie. Albina aliposikia alipiga magoti chumbani kwake, akashukuru, na kwa majuma kadhaa aliweza kula na kulala.

Lakini mwongoza wageni asiyekimbia ni nani? Watalii walikuja, wakamwona mtu anayetembea, wakaomba wapewe mwingine. Mwenye gari akaacha kusimama kwenye kambi yao. Wanaume walipotoka kwenda kuwinda, Abeli alibaki na wanawake kuchimba mizizi, na jioni nyama ilipogawiwa alipokea mgawo wake akitazama chini. Vidonge navyo vilimlegeza. Bartholomeo alimwambia Albina kwenye simu, "Kaka yako ameacha kuimba." Albina alijibu kwamba atazoea. Alimtumia salamu, alimtumia viatu kupitia mteja wa Kissa, alimtumia vidonge zaidi.

Chuoni mambo hayakukaa siri, kwa sababu Albina hakuyaficha. Aliitwa kwenye chumba cha mikutano, akaulizwa kama aliwasiliana na ndugu wa mtoa sampuli.

"Mimi mwenyewe ndiye ndugu wa mtoa sampuli," alijibu.

Walikuwa watu wa adabu. Walimweleza kwamba hawana ubaya naye, ila wakimwacha, nani atakayewaamini tena na siri zake? Nafasi yake kwenye mafunzo ikafutwa. Alipoulizwa kama ana neno, alisema, "Naomba sampuli ya mama yangu iondolewe ghalani. Msimfundishie tena."

Mwanamama aliyeongoza kikao aliwatazama wenzake. "Haki ya kuondoa sampuli ni ya aliyeitoa. Anapaswa kuomba mwenyewe."

"Amefariki. Mnajua amefariki."

"Samahani sana," alisema mwanamama yule, macho yake yakiwa mezani. "Basi haiwezekani."

Profesa Liang alikuwemo. Alimfuata Albina kwenye korido, akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akamwambia kwamba muhula ujao atatafuta mfano mwingine. Albina alitaka kumwambia kitu cha kumuumiza, lakini hakuwa na nguvu za kukitafuta.

Kabla viza haijaisha alihamia kwa Kissa, akawa anamsaidia kuandika alama kwenye marobota na kuongea na wauzaji, maana Kichina chake kilikuwa kizuri. Alikuwa hapo dukani, ameshika kalamu ya wino mzito, Bartholomeo alipopiga.

"Mwanangu," alisema. "Kaa chini."

Albina hakukaa.

Wageni wapya walikuwa wamefika na gari la mtu asiyejua habari za Abeli. Walitaka mwindaji. Abeli alikuwa ameviacha vidonge siku nyingi, hakuna aliyejua isipokuwa mkewe. Alijitokeza mbele, akachukua upinde, akawaambia yeye ndiye mwenye mbio kuliko wote. Walimwona tandala. Waliokuwepo walisema hawajapata kumwona Abeli akikimbia vile, ametanguliza kifua, anacheka. Wageni walikuwa wakimpiga picha alipoanguka.

"Tumemzika," Bartholomeo alisema. "Nimesali."

Kissa alisikia kalamu inadondoka. Akaja, akamkumbatia kwa nyuma, akaanza kulia kwa sauti mpaka wauzaji wa maduka ya jirani wakatoka kutazama. Albina hakulia. Alikuwa bado ameishika simu sikioni.

"Katekista, mtoto," alisema. "Mtoto wa Abeli. Huenda naye anao moyo ule. Nakuomba umwambie shemeji ampeleke hospitali."

Bartholomeo alikohoa. Upepo wa kilimani ulisikika.

"Nimemwambia. Ameniambia nikwambie hivi, na usinilaumu, mimi ni mjumbe tu. Anasema mumewe alikimbia tangu utotoni, na hakuwahi kuanguka hata siku moja. Wewe ulimtajia kifo, kifo kikajua anapokaa. Anasema usimtajie na mwanawe."

"Si kweli, katekista. Wewe unajua si kweli."

"Mimi najua. Yeye amefiwa."

"Nitakuja mwenyewe. Nitakuja nimweleze."

"Wamehama, Albina. Wamevunja kambi jana, wamepita upande wa pili wa milima, ambako hata mimi simu yangu haifiki. Goodness amewaambia wote kwamba wakikuona unakuja, watahama tena."

Albina alimshukuru, kama alivyolelewa kumshukuru mkubwa, akaikata simu. Kissa alimketisha juu ya robota, akampa maji, akamwambia maneno ya Mungu, akampangusa uso ambao haukuwa na machozi.

"Ana miaka mingapi huyo mtoto?" aliuliza mwishowe, ili tu pasiwe kimya.

"Ameanza kukimbia juzijuzi tu," Albina alisema.