Rangi ya Majani

Mzee Lerionka aliingia kwenye duka la dawa za mifugo la Arafa, Ngarenaro, na kibuyu cha maziwa mkononi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, binti yangu. Shukrani yako hii. Boma la jirani ugonjwa wa sotoka unamaliza mbuzi. Wangu nimewachanja, hawana wasiwasi."

Akaweka kwenye kaunta kichupa kitupu cha chanjo na ile tochi ya mwanga wa zambarau aliyoazimwa na Arafa. Kichupani kulikuwa na kibandiko cha aina mpya: ukikimulika kinang'aa kijani ikiwa unga wa chanjo ulikaa baridi na mkavu; unga ukipata joto au unyevu, kinang'aa manjano, na hakirudi tena.

Arafa alimulika bila kuwaza. Kikang'aa manjano.

Hakutaka kuharakisha lawama. Kichupa kikifunguliwa hupata unyevu.

"Labda kiligeuka baada ya kufungua, mzee?"

"Hapana. Nilimulika kwanza, kama ulivyonifundisha. Ilikuwa hivihivi, rangi ya majani."

"Hii ni manjano."

"Si ulisema majani?"

"Majani, mzee! Kijani!"

Lerionka alicheka. "Wewe unakaa Ngarenaro, majani unayaona kwenye fungu la mchicha. Njoo Oldonyo Sambu uone. Tangu mvua igome, majani yetu yana rangi hiyo hiyo."

Arafa hakucheka. Mzee akamtazama usoni, na kicheko chake kikaisha taratibu.

"Barafu ulitia kwenye chupa ya chai?" Arafa akauliza.

"Nilitia. Mfuniko ulipasuka njiani. Nikasema, si kitu, taa itaniambia."

"Ilikuambia, mzee. Ile chanjo ilikuwa imekufa. Mbuzi wako hawana kinga."

Mzee alitoa simu haraka, akampigia mkewe. Asubuhi alikuwa amemruhusu awapeleke mbuzi kwenye birika la maji, walikokuwa wakizuiwa kwa sababu ya mbuzi wa jirani. Aliongea Kimasai, kwanza kwa sauti kubwa, kisha kwa sauti ya chini.

"Wameshakunywa," akasema. "Wamelala kivuli kimoja na wale wagonjwa."

"Wote?"

"Vitoto vimebaki bomani."

Arafa alifungua friji. Alichukua kichupa kingine, akakimulika mbele yake. Safari hii hakutaja rangi.

"Unaona nini, mzee?"

Mzee alikisogeza karibu na jicho.

"Mbichi," akasema. "Kitu kibichi."

"Basi ikiwa mbichi, choma sindano. Kama si mbichi, tupa. Vitoto vikae mbali na mama zao."

"Vinanyonya, binti yangu."

Arafa alijaza barafu kwenye chupa yake mwenyewe ya chai, akatumbukiza chanjo, akakaza mfuniko, akaukaza tena. Simu ya mzee iliita kwenye kaunta. Ilionyesha jina la mkewe, aliyekuwa na mbuzi birikani. Waliitazama wote wawili, na hakuna aliyenyoosha mkono.