Pilipili za Mama Gervasi

Nyani walishuka wakati Bibiana anawasha moto wa chai. Aliwasikia juu ya bati kwanza, kishindo kimoja kizito kikifuatwa na vingine vyepesi, halafu sauti ya dumu likibiringika uani. Hakungoja hata kufunga kitenge vizuri. Alichomoa ukuni jikoni, ncha yake ikiwa bado inafuka, akatoka.

Walikuwa wamekaa katikati ya madumu yake ya pilipili kama wageni waliokaribishwa. Dume mmoja mkubwa alikuwa ameng'oa mche mzima, mizizi na udongo wake, akatia pilipili mbuzi mbivu mdomoni. Alitafuna mara moja. Kisha akatema, akajipangusa mdomo kwa viganja, akabweka, na kwa hasira ile akaanza kurarua kila mche uliokuwa karibu naye.

Mtu mwingine wa Mwamgongo angesimama mbali akagonga sufuria. Kila mtu kijijini anajua kwamba dume wa milimani akikugeukia anakuchana. Bibiana alimwendea. Alimpiga ukuni wa mgongo, akampiga tena wa pua, na nyani akageuka akamrukia, akamng'ata mkono chini ya kiwiko. Bibiana hakuachia ukuni. Aliendelea kupiga huku meno yamo nyamani, mpaka mnyama akamtema na kukimbilia migombani, wenzake nyuma yake, matone ya damu yakibaki kwenye majani.

Diana, mke wa mwanawe, alikuja mbio kutoka nyumba ya pili.

"Mama, unatoka damu."

"Naona. Niletee maji na chumvi."

Pilipili zile hazikuwa mchezo. Bibiana alizipanda kwenye madumu yaliyokatwa kwa sababu ardhi ya Mwamgongo ni mlima na mawe, na kipande kidogo kilicho tambarare kimeliwa na nyumba. Kila kipupwe ilikuwa vita ileile. Upepo wa baridi ulioteremka mlimani alfajiri uliangusha maua na kuyageuza majani kuwa manjano. Wadudu mafuta walijipanga chini ya majani yaliyobaki, wakayanyonya mpaka yakajikunja. Bibiana aliwaponda kwa kidole gumba na cha shahada, jani kwa jani, kisha akaosha mche wote kwa maji ya sabuni na majivu. Jioni aliyabeba madumu kuyaingiza jikoni, yakae kwenye joto la mafiga, na jua likishika aliyatoa tena. Majirani walimcheka kwamba analaza pilipili kama watoto. Yeye hakujali. Mwezi wa saba, pilipili zinapoadimika soko la Mwanga kule mjini, mama ntilie wa kule walikuwa wanaziulizia zake kila boti inapofika.

Na mwaka huu zilikuwa zinalisha nyumba mbili. Ziwa lilikuwa limefungwa tangu Mei ili samaki wazaliane, vipe vyote, boti za kuvulia, vimepandishwa mchangani, na wanaume wasiojua kazi nyingine isipokuwa dagaa na migebuka walikuwa wanashinda vilabuni. Gervasi, mwanawe Bibiana wa pekee, alikuwa mmoja wao.

Walipoanza kuzoa udongo uliomwagika, Bibiana aliona kwamba Diana ananyanyua madumu kwa mkono mmoja. Mwingine ameubana ubavuni. Sweta ilipanda kidogo, akaona chini yake weusi uliovimba, mpana kama kiganja. Diana akaishusha sweta. Bibiana akaangalia pembeni, akauliza kama chai imechemka.

Alijua. Ukuta kati ya nyumba hizo mbili ulikuwa migomba tu. Alisikia jinsi mwanawe anavyoingia nyumbani, na kimya kinachofuata, na kile kinachofuata kimya. Yeye mwenyewe aliishi hivyo na marehemu Leonardi, baba yake Gervasi, mpaka homa ilipomchukua, na hakuna mtu aliyewahi kuvuka uani kumsaidia. Alikuwa ameamini kwamba ndivyo inavyopita: unavumilia, mwanamume anazeeka au anakufa, unapumzika.

Wiki hiyohiyo doria ilimkamata Gervasi. Hakuwa anashinda kilabuni siku zote. Alikuwa anatoka na kokoro, wavu uliopigwa marufuku, alilolificha kwenye mawe kaskazini ya kijiji, anavua vifaranga vya samaki. Walimwachia kwa onyo, lakini kokoro walilimwagia petroli hapohapo mwaloni, boti zinapotia nanga, likaungua mbele ya kijiji kizima, na watu wengine walicheka. Binamu yake Diana alikuwa mjumbe wa kamati ya mwalo. Kichwani mwa Gervasi hilo lilitosha.

Mchana huo Bibiana alikuwa jikoni anatwanga sombe, majani ya muhogo, mkono wenye jeraha la nyani umefungwa kitambaa. Upepo wa ziwani ulikuwa umechachamaa mapema siku hiyo, kwa hiyo alishayaingiza madumu, yamejaa toka ukutani mpaka kwenye mafiga. Diana aliingia akikimbia. Hakuwa na kiatu. Mdomo wake ulikuwa umepasuka na damu imemwagika mpaka kwenye kifua cha sweta.

"Anakuja," alisema, akajipenyeza nyuma ya madumu, akachuchumaa.

Gervasi alikuja na kasia. Alisimama mlangoni akihema, mwanamume mrefu aliyelazimika kuinama kuingia jikoni kwa mama yake. Pombe ilimtangulia.

"Mama, toka hapo."

"Weka hilo kasia chini kwanza."

"Huyu ameniuza. Amenipeleka kwa ndugu zake, wamenichomea riziki yangu. Toka."

"Kokoro lako lilikuwa linaonekana mpaka mlimani, Gervasi. Nani asiyejua? Kaa, nikupe maji."

Hakukaa. Alilipiga teke dumu la kwanza, likapinduka. La pili akalikanyaga, mche ukavunjika. Akaanza kujikatia njia kwa kasia, akifyeka kulia na kushoto, na miche iliyookolewa kwenye baridi na wadudu na nyani ikalala sakafuni na pilipili zake nyekundu zikipondeka chini ya miguu yake. Hewa ikawasha. Bibiana alimshika mkono. Gervasi akamsukuma kwa kifua, hakumtazama hata, kama mtu anavyosukuma mlango, na mama akaangukia mafiga, goti likagusa kaa la moto.

Gervasi alimfikia Diana. Alimshika nywele, akamvuta katikati ya jikoni, akampiga kasia begani. Lilitoa mlio mkavu. Akainua tena. Diana hakulia. Alikuwa amejikunja kichwa kikiwa kati ya magoti, mikono juu ya kisogo, na ukimya wake ule ndio uliomnyanyua Bibiana. Kwa miaka mingi yeye mwenyewe alikaa vivyo hivyo.

Alichukua mchi.

Alimpiga mwanawe kwenye mkono ulioshika kasia, kwa nguvu zote za mtu anayetwanga tangu utoto. Mfupa ukavunjika, na kila mmoja mle ndani alisikia. Kasia likaanguka. Gervasi aligeuka, uso wake haukuwa na hasira tena, ulikuwa na mshangao tu, akasema, "Mawe," yaani mama kwa Kiha, kama alivyomwita utotoni.

Akampiga tena, gotini.

Pigo la kwanza lilikuwa la kumzuia. La pili halikuwa na sababu hiyo, na Bibiana alilijua wakati mchi bado uko hewani. Gervasi aliporomoka kifudifudi juu ya pilipili zilizopondeka, maji yake yakamwingia machoni, ndipo alipoanza kupiga mayowe. Alijiviringisha, akijifuta macho kwa mkono mzima, akizidi kuyapaka, huku ule mwingine ukining'inia. Bibiana alisimama juu yake na mchi mkononi muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha akauweka chini, akachota maji mtungini, akapiga magoti na kuanza kumwosha macho.

"Tulia," alimwambia. "Usiyasugue. Tulia, mwanangu."

Walimpeleka mjini kwa boti. Safari yote Gervasi alilala kichwa kikiwa mapajani mwa mama yake. Diana alikaa mbele, bega limefungwa kwa kitenge, anaangalia misitu ya Gombe inavyopita. Kwenye mwalo wa Kibirizi, mjini, walimbeba mpaka kwenye bajaji, na hospitalini askari aliyekuwa zamu aliuliza kilichotokea.

"Niliteleza," alisema Gervasi. "Kwenye mawe, pale ziwani."

Askari alikuwa ameshaanza kuondoka.

"Hakuteleza," alisema Bibiana. "Nimempiga mimi. Kwa mchi."

Polisi walimpeleka kituoni. Alikaa kwenye benchi la mbao mpaka siku ya pili, akijibu kila alichoulizwa, na alipoulizwa kama alikusudia kumuua alisema hajui, akawaomba wasimtilie maneno mdomoni. Diana ndiye aliyemtoa. Alifika kituoni mkono ukiwa umefungwa shingoni, akavua kitenge begani mbele ya ofisa wa kike, akamwonyesha michubuko mipya na ile ya zamani.

"Mama asingempiga, mngeletewa mimi," alisema. "Na mimi nisingekuwa naongea."

Gervasi naye alikataa kumshtaki. Bibiana aliachiwa kwa onyo.

Nyumbani alikuta ukoo umekusanyika. Shemeji yake, mzee Feliksi, mdogo wa marehemu Leonardi, alisema kwamba mama kumwinulia mwanawe mchi ni nuksi kwa ukoo mzima, na kwamba lazima lifanyike jambo la kuisafisha nyumba. Bibiana alimsikiliza mpaka mwisho.

"Shikamoo, shemeji," alisema. "Diana alipokuwa anapigwa, kikao kama hiki mlikikalia wapi? Niambieni, labda mimi sikualikwa."

Mzee Feliksi alikohoa. Kikao kiliisha bila kuamua kitu, na watu walikwenda zao wakiwa wamekasirika. Kuanzia siku hiyo wanawake wengine kisimani walimpisha Bibiana njia kwa namna asiyoielewa, kama ni heshima au woga.

Ilibaki miche minne. Yeye na Diana waliifunga vijiti, wakaifunika magunia, na mmoja ulikufa kwa baridi hata hivyo. Diana alihamishia godoro lake kwa mama mkwe. Alijifunza kuponda wadudu bila kuchana jani. Hawakuzungumza habari za Gervasi, ila mara moja moja Bibiana alisimamisha mchi juu ya kinu, akautazama, mpaka Diana akaupokea na kutwanga badala yake.

Gervasi alirudi ziwa lilipofunguliwa. Alikuwa anaishi Katonga kwa rafiki, alikuja kuchukua nguo zake. Mkono ulikuwa umeunga vibaya, umepinda, na vidole havikukunjika. Alichechemea. Alisimama ukingoni mwa ua, hakuingia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Diana yupo?"

Diana alijibu mwenyewe kutoka ndani. "Nipo. Sirudi, Gervasi."

Gervasi aliitikia kwa kichwa polepole kama mtu aliyeambiwa jambo analolijua. Bibiana alimwekea kigoda, akampakulia ugali wa muhogo na dagaa, akamnawisha. Gervasi alijaribu kukata tonge kwa mkono wa kulia, likaanguka. Akajaribu tena. Kisha akauficha mkono ule mapajani na kunyoosha wa kushoto, na aibu ilimpanda mpaka masikioni.

Bibiana alisogeza kigoda chake. Alimega tonge, akalibonyeza kwa kidole gumba, akachota dagaa nalo, akampelekea mdomoni. Gervasi aligeuza uso. Mama hakurudisha mkono. Baadaye kidogo aligeuka, akafungua mdomo, akala, akalishwa mpaka sahani ikaisha, machozi yakimtiririka.

Boti ya mjini ilikuwa inapiga honi mwaloni. Gervasi alichukua mfuko wa nguo zake kwa mkono wa kushoto, akaaga, akashuka mteremko taratibu, mguu mmoja ukiburuta mawe madogo.