Sekunde Kumi na Nane

Mtu akiniuliza kazi yangu humwambia napaka rangi, basi. Nikieleza zaidi hucheka. Miaka ishirini na sita napaka ndege za jeshi ili zisionekane, na kazi ikiwa nzuri hakuna wa kuisifu, kwa sababu hakuna aliyeiona.

Watu hudhani siri ni mabaka ya kijani mgongoni na kijivu cha mbingu tumboni. Hayo hata mtoto angeyaweza. Kinachoisaliti ndege ni kivuli chake yenyewe. Chini ya bawa na kwenye mdomo wa injini kuna giza, kwa hiyo pale unapulizia kijivu chepesi zaidi, mpaka jicho la adui lisione umbo lolote mbele yake. Na rangi isiwe na mng'ao hata chembe. Mkubwa mmoja aliwahi kutuamuru tuzisugue kwa nta zipendeze mbele ya wageni. Tulihangaika miezi miwili kuiondoa.

Hapa kwetu ndege iliyopakwa haikabidhiwi mpaka ipite kwenye jicho langu. Rubani huirusha, hupita juu ya banda, kisha huelekea mbali. Afisa hushika saa. Mimi husimama mlangoni bila darubini, na nikiipoteza hunyanyua mkono. Wengine wote hunitazama mimi, si mbingu. Ndiyo desturi, wasije wakanishawishi. Enzi zangu nzuri niliipoteza ndege baada ya dakika moja na nusu. Mwaka huu ikawa sekunde hamsini, kisha arobaini, kisha thelathini. Afisa akaona rangi yangu inazidi kuwa bora, akabandika picha yangu ukutani.

"Ya kale dhahabu, fundi," akaniambia.

Dhahabu gani. Mke wangu siku hizi hunimiminia chai yeye mwenyewe, maana mimi huimwaga nje ya kikombe, wala hasemi kwa nini. Nami nimenyamaza. Nimebakiza mwaka mmoja kustaafu, nimechoka, na naona aibu. Mwezi wa saba ndege moja niliyoipaka haikurudi. Wakasema ni injini. Hakuna aliyekubali haraka kama mimi.

Ndege ya leo rubani wake ni binti wa marehemu kaka yangu. Nimemlea tangu darasa la pili. Alhamisi ataivusha mpaka. Asubuhi alipita chini ya bawa, akaweka kiganja kwenye mdomo wa injini.

"Ba'mdogo, hapa mbona kama kumekolea?"

"Kwani mimi nimekuja kukufundisha kurusha?"

Akacheka. "Yaishe, ba'mdogo." Akapanda ngazi. Nilimlea awe na heshima, na heshima hiyo ndiyo iliyomfunga mdomo.

Akapita juu yetu, mlio ukatikisa mabati. Afisa akabonyeza saa. Nilikuwa nahesabu kimoyomoyo: sekunde ya kumi na nane mbingu ikawa tupu. Mkono ukaanza kunyanyuka wenyewe, umeshazoea. Ndipo nikamwona mama anayetuletea chai bandani, hatua tatu kutoka kwangu. Yeye si mwanajeshi, desturi zetu hazimhusu. Alisimama na birika lake, kidevu juu, uso ukigeuka taratibu kufuata kitu.

"Mama, unaiona?"

"Si ile pale? Nyeusi tii, kama nzi kwenye maziwa."

Nikaushusha mkono. "Ikipotea uniambie."

"Fundi, vipi?" afisa akauliza. Dakika moja ikapita, ya pili ikapita.

"Haya, imekwenda," mama akasema, akarudi kwenye vikombe vyake.

Afisa akasoma saa yake mara mbili. Dakika tatu na sekunde kumi.

"Macho yangu yamekwisha," nikamwambia. "Tangu Januari. Nimechanganya makopo ya kijivu, kile kilichokolea kimekwenda penye kivuli. Asiende nayo popote. Na zote nilizopaka mwaka huu zisiruke." Nilijihisi mwepesi kidogo, na wepesi huo ukaniongezea aibu.

Binti alipotua, afisa alimweleza pembeni. Niliona mabega yake tu, sura sikuipata. Kisha akanijia, kofia kwapani, akasimama karibu nami kabisa.

"Ile ya mwezi wa saba, nayo uliipaka wewe?"

Rubani wa ndege ile alikaa chumba kimoja na binti huyu chuoni. Alikuwa akija kwangu Jumapili, anakula, anaosha vyombo bila kuambiwa.

"Niliipaka mimi."

Nilingoja anifokee. Ningeshukuru. Alibaki akitazama mikono yangu iliyojaa kijivu, sijui ni kipi kati ya viwili.

"Asante kwa kusema, fundi," akasema, akaenda zake.

Tangu darasa la pili hajawahi kuniita fundi.