Mbeba Nondo wa Kumi na Nane

Kila siku saa moja kasorobo asubuhi, kabla ya kuvaa maovaroli na kabla hata ya chai, mafundi wa jengo lile walipita kwanza ukutani kujitafuta. Ukuta wenyewe ulikuwa upande wa barabara kuu, kushoto kwa geti, nao ulikuwa na sanamu za zege za wanaume waliobeba nondo za chuma mabegani. Kila sanamu ilikuwa na kimo cha mtu mzima, nusu ya mwili imechomoza nje na nusu imebaki ndani. Jengo lilipojengwa mara ya kwanza, enzi za babu zetu, wabeba nondo walikuwa kumi na wanne. Sasa ukarabati ulikuwa na miezi mitano, na wabeba nondo walikuwa kumi na saba.

Mambo yalikuwa na utaratibu wake. Siku ya kwanza ukuta ulivimba mahali fulani, ungedhani ni unyevu. Siku ya pili likatokea bega, na goti. Siku ya tatu ikaja sura, na mwenye sura akijiona alijua ni yeye, maana ukuta ule haukuwa na ubahili wa kuchora. Baada ya hapo mtu huyo alianguka kutoka juu. Alianza mbeba matofali, akafuata mchomeleaji, kisha fundi umeme. Asiyejikuta ukutani alikwenda kunywa chai yake, akaweka sukari kama kawaida. Mtunza stoo alisema kazi hii ina afadhali, kwingine watu wanakufa bila hata taarifa.

Msiulize kwa nini fundi umeme hakubaki nyumbani. Alibaki. Alikaa siku nane, analala, anaamka, anamsumbua mkewe jikoni, na siku zote hizo sanamu yake ilisimama pale mguu juu, ikimngoja. Siku ya tisa alikuja kuchukua sanduku lake la vifaa alilolisahau ghorofa ya tano. Alikuwa amevaa nguo za kutokea, hakuja kufanya kazi.

Kitu kimoja kila mtu alikijua na hakuna aliyekisema kwa sauti: siku ya Jumanne hakuna aliyewahi kuanguka. Jumanne ndiyo siku aliyokuja mkaguzi na mpiga picha wake, na siku hiyo mikanda ya usalama, yote thelathini, ilitolewa stoo ikagawiwa. Mafundi walijifunga, wakapigwa picha wakining'inia salama salimini, na saa kumi mikanda ikarudishwa, ikafutwa vumbi, ikatundikwa. Ilikuwa bado inanuka upya.

Kampuni ilikuwa imeruhusiwa kulikwangua jengo libaki nguzo tupu na kuligeuza ofisi za vioo, kwa sharti moja la halmashauri: sanaa ya umma iliyoko ukutani isiguswe, ni mali ya wananchi. Kwa ajili hiyo iliajiri mtaalamu wa sanaa, dada mpole mwenye futi ya kupimia mfukoni. Sanamu ya kumi na tano ilipotokea, alikosa raha siku nzima. Ya kumi na sita ilipotokea, aliona wapita njia wanavyosimama kupiga picha, akaandika ripoti kwamba kazi hii ya sanaa ni hai na inakua yenyewe. Ya kumi na saba ilipotokea, alipima nafasi iliyobaki, akaagiza ukuta uongezwe mita nne, wasije wakabanana. Kufa kufaana, wahenga walishasema.

Mita hizo nne alipewa fundi lipu. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mkono wake mwepesi, mdomo wake si mwepesi hata kidogo. Kazi aliipenda, ila hakuwa na hamu na ukuta ule, kwa sababu mdogo wake alikuwa juu. Mdogo wake alifunga majukwaa kuanzia ghorofa ya saba kwenda mbele, na wote walimwita Kidevu, kwa kuwa kidevu chake kilikuwa na kishimo cha kutosha punje ya hindi. Mama yao alifariki Kidevu akiwa na miaka saba. Dada ndiye aliyemwogesha, akamsomesha alipofikia, akamfundisha kushika nyundo, na alimpenda kuliko alivyowahi kumpenda mtu yeyote, akiwemo mume aliyekuwa naye kwa muda.

Jumatatu ukuta ulivimba. Jumanne likatoka bega, nalo lilikuwa bega kama mabega mengine. Jumatano asubuhi kikatoka kidevu, kabla hata ya macho.

Walisimama mbele yake wote wawili, kila mmoja na kikombe chake.

"Ni mimi huyo," Kidevu alisema.

"Videvu viko vingi."

"Hiki, dada?"

Dada alikitazama kile kishimo, akamwaga chai yake chini.

"Rudi nyumbani," alisema.

"Fundi umeme alirudi nyumbani."

"Basi kaombe mkanda."

"Niliomba jana mkaguzi alipoondoka. Wameniambia ningoje Jumanne." Kidevu alimaliza chai yake, akakung'uta kikombe. "Nikishuka mchana nitakuja tule wote," alisema, akapanda.

Fundi lipu alikwenda stoo. Mtunza stoo alimwonea huruma kweli, wala hakuwa mtu mbaya. Alisema mkanda hutoka kwa karatasi, na karatasi inasainiwa na msimamizi. Msimamizi alikuwa akisaini karatasi nyingine alipoingia.

"Nikimpa mmoja, wote watataka," msimamizi alisema bila kuinua kichwa. "Wakivaa wote, mtu anajifunga, anajifungua, anajifunga tena, kazi ya siku moja inakuwa ya siku mbili. Na mikanda ikichafuka, Jumanne tutapiga picha gani?"

"Mdogo wangu ameshatokea ukutani."

"Nimemwona. Pole, mama." Akageuza ukurasa.

Fundi lipu alitoka mle akiwa na hasira, na lipu haipakwi kwa hasira. Alipindua ndoo, akaikalia mpaka hasira ilipotulia. Ndipo akakumbuka pua. Wiki mbili nyuma mmoja wa wale kumi na wanne wa zamani alikuwa amebanduka pua, naye akaambiwa azibe. Alizidisha kidogo, akampa mzee wa watu pua ya bamia, na alipotaka kuipunguza akakuta ukuta umeshaikubali, imekuwa ngumu na ya zamani kama sanamu yenyewe. Ukuta ule ulichukua ulichopewa.

Saa sita wenzake walipokwenda kula, aliweka ngazi fupi mbele ya sanamu ya kumi na nane, akakoroga saruji na mchanga laini kwenye karai. Hakuna aliyemuuliza kitu. Kuziba na kukwangua ukutani ndiyo ilikuwa kazi yake.

Kukifuta kidevu ilikuwa rahisi. Shida ilikuwa aweke nini. Alifikiria sura ya msimamizi, lakini msimamizi hakuwahi kupanda hata ghorofa ya pili, magoti yalimsumbua. Alifikiria ya mtunza stoo, akakumbuka ana mapacha. Alifikiria ya mwenye kampuni, na hiyo angeiweka kwa moyo mkunjufu, ila hakuwahi kuiona; mtu yule alifika mara moja tu, ndani ya gari lenye vioo vyeusi. Akina fulani na fulani waliokuwa juu aliwajua wote, na wake zao, na nani anadaiwa msamaha na nani. Mwishowe akapitisha mwiko juu ya uso mzima, akausawazisha, akaupiga brashi ya maji, ukabaki laini kama yai. Alijiambia sura isiyo ya mtu haiwezi kumwangusha mtu. Ilikuwa hesabu nzuri kwa mtu mwenye nusu saa.

Mchana alikula na Kidevu. Kidevu alisifu maharage.

Alhamisi asubuhi uso ulikuwa bado laini, umekauka, umekuwa wa zamani. Mafundi walipita, wakautazama, kila mmoja akapapasa uso wake mwenyewe, wakaenda kunywa chai. Siku hiyo hiyo msimamizi alikwenda getini kuchukua vibarua wa kutwa, maana mbao zilikuwa nyingi. Aliwachagua kwa kidole, wewe, wewe, na wewe mwenye shati la mistari. Vibarua wa kutwa hawaandikwi. Kuwaandika kila siku ni kupoteza kalamu.

Mwenye shati la mistari alianguka saa tano na robo, kutoka ghorofa ya saba, akiwa na ubao begani.

Msimamizi aliita majina kwenye daftari. Wote waliitika. Aliandika kwamba hakuna mfanyakazi wa kampuni aliyepungua, na ilikuwa kweli tupu, angeweza kuapa popote. Gari lilikuja likamchukua mtu yule, na kwa kuwa mifukoni hakuwa na kitu zaidi ya leso, alipokelewa huko mochwari kama mwanamume, mtu mzima. Kwenye chai ya saa kumi mtunza stoo alimpigapiga Kidevu mgongoni, akasema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Wawili watatu walicheka. Kidevu hakucheka.

Jioni walitembea pamoja hadi kituoni, dada na mdogo wake.

"Ule mkono naujua," Kidevu alisema. "Wewe ukimaliza kusawazisha huwa unavuta kushoto."

"Ulitaka nifanyeje?"

"Sijui."

"Nilifikiri haitakuwa mtu."

"Alinipa maji yake," Kidevu alisema. "Chupa yangu ilikuwa imeisha. Akasema kunywa tu, ndugu yangu, leo nimepata kazi, nina furaha."

Hakushukuru na hakulaumu. Tangu siku hiyo alianza kula mchana peke yake, huko huko juu, na dada yake akawa anabeba chakula cha mtu mmoja. Jumanne iliyofuata alivaa mkanda akapigwa picha. Jumatano akapanda bila mkanda, kama wengine.

Mtaalamu wa sanaa aliipenda sanamu ya kumi na nane kuliko zote. Alisema ile haina sura kwa hiyo ina sura zetu sote, na akaamua ndiyo itakayochapwa kwenye kadi za uzinduzi. Alimuuliza fundi lipu kama alikuwa ameigusa.

"Niliziba ufa kidogo," fundi lipu alisema.

"Usiiguse tena, tafadhali. Imekamilika."

Wiki ya tatu fundi lipu alikuwa kwenye mita ya pili ya ukuta mpya alipokuja mwanamke mmoja mwenye miwani, vumbi la chaki mkononi hadi kwenye kiwiko, mwalimu aliyetoka darasani moja kwa moja. Hakukuwa na ajabu yoyote. Habari za ukuta zilikuwa zimeenea mjini, na wanawake ambao waume zao hawakurudi walianzia pale kabla ya kwenda hospitali, kwa kuwa pale hapakuwa na foleni. Mwalimu alianza na wa kwanza kabisa, yule wa enzi za babu, akaenda pole pole, akiinua simu yake mbele ya kila uso na kulinganisha. Alimpita mbeba matofali, akampita mchomeleaji, akampita fundi umeme. Kwa wa kumi na nane akasimama, akaweka kiganja kwenye ule uso laini.

"Samahani, dada. Huyu hajamalizwa?"

"Amemalizwa," fundi lipu alisema. "Ndivyo alivyo."

"Na baada yake hakuna mwingine?"

"Hakuna."

Mwalimu alikaa chini pale pale ukingoni mwa barabara, akavua miwani, akalia kwa raha. Alisema Mungu ni mkubwa. Alisema wiki tatu hizi hakula, hakulala, anasahihisha madaftari ya watoto bila kuyaona. Kisha akamwonyesha fundi lipu simu. Mwanamume kwenye picha alikuwa amevaa shati la mistari na anacheka kwa jino lililopanda juu ya jingine. Nyusi zake zilikaribia kukutana. Shavu la kushoto lilikuwa na kovu dogo la duara, na fundi lipu aliitazama sura ile kwa muda mrefu kuliko inavyofaa kumtazama mume wa mtu.

"Tuligombana asubuhi," mwalimu alisema. "Nikamwambia asirudi mpaka apate kazi. Maneno ya hasira tu, dada yangu, unajua mambo ya ndani. Na yeye kichwa ngumu, ukimwambia kitu anakitekeleza." Alijifuta, akasimama, akakung'uta sketi. "Wewe unashinda hapa, unaona watu wengi. Ukimwona mwambie arudi nyumbani, hata bila kazi."

"Nitamwambia."

Mwalimu akamshika mikono yote miwili, pamoja na saruji yake, akashukuru. Alivuka barabara akitembea haraka, kama mtu aliyekumbuka kwamba nyumbani hakuna kitu cha kupika na mgeni anaweza kufika wakati wowote.

Kwenye karai lipu ilikuwa bado mbichi, ya kutosha uso mmoja, na fundi lipu alikuwa amekwisha kuujua uso wenyewe, nyusi, jino na kovu. Aliukoroga mchanganyiko mara mbili usigande. Halafu akauchota wote na kuupaka kwenye ukuta mpya, akausawazisha taratibu akivuta kushoto, mpaka pakawa tayari kwa mwingine.