Kosa la Balagizi

Jumamosi moja ya Februari 2015, Josiane alikuwa jikoni kwake karibu na Morse Road, Columbus, akichambua lengalenga, mchicha wa kwao, kaka yake Balagizi alipobisha hodi. Alikuwa amevaa gauni la hospitali, lile linaloacha mgongo wazi, na mkono mmoja ameupeleka nyuma kulishikilia kwa heshima. Wakati huohuo alikuwa amelala hospitalini Louisville, Kentucky, jimbo jingine kabisa, akipumua kwa mashine tangu aanguke kwenye ghala alikokuwa akipakia maboksi.

"Funga mlango, yaya, baridi inaingia," Josiane alisema, kwani kwao yaya ni kaka. Akamletea koti la mumewe na sahani ya fufu.

Balagizi alikula. Josiane akamwambia kwamba jaji ameamua mashine izimwe Ijumaa.

"Nilisikia," Balagizi alisema. "Balisemea pale pale ku kitanda yangu."

Mambo yalikuwa hivi. Madaktari walisema Balagizi hataamka. Mkewe, Bulonza, mama wa binti yao Précieuse, alisema wangoje. Mahakamani jaji alimtaka Bulonza alete cheti cha ndoa, naye akaeleza habari za ng'ombe wa mahari waliotolewa kwao Walungu, Kongo, mbele ya koo mbili, na pombe ya ndizi waliyokunywa wazee hadi jua likazama. Jaji aliuliza kama ng'ombe hao walikuwa na risiti. Hawakuwa nayo. Ikaandikwa kwamba Bulonza ni rafiki wa mgonjwa. Josiane na kaka yao mkubwa, Cubaka, nao hawakufaa, kwa kuwa waliishi nje ya jimbo. Mahakama ikamteua msimamizi, bwana mmoja mpole ambaye hakuwahi kumwona Balagizi akiwa wima, aamue badala yake. Bwana yule aliwasikiliza madaktari akaafiki, na jaji akaamuru mashine izimwe.

Bulonza hakulia mahakamani. Alilia ndani ya basi la kurudi mtaani kwake South End, njia nzima, na aliposhuka alikuwa na mpango. Alimpigia simu Josiane.

"Bon, kule kwetu, mutu akihukumiwa kufa, anaomba grâce, musamaha, kwa président. Si ndiyo? Huku mukubwa ya jimbo ni gouverneur. Donc naenda kwa gouverneur."

Josiane hakuona kasoro yoyote katika hoja hiyo, na mimi pia siioni.

Huko makao makuu ya jimbo Bulonza alipokelewa na mwanasheria wa gavana, mama aliyesuka nywele vizuri. Mama yule alimweleza bila haraka kwamba katiba inampa gavana uwezo wa kufuta hukumu ya mahakama yoyote, hata ile kubwa, ila lazima mhukumiwa awe ametenda kosa. Akafungua kalamu. Je, mume wake alitenda kosa gani?

"Hakuna," Bulonza alisema.

Mama yule akafunga kalamu kwa masikitiko ya kweli. Angekuwa ameua mtu, alisema, wangekuwa na mahali pa kuanzia.

Basi watu wakaanza kumtafutia Balagizi kosa. Haikuwa kazi ndogo. Ghalani mkubwa wake wa kazi alisema hajawahi hata kuchelewa. Kanisani walisema ndiye anayebaki nyuma kupanga viti. Josiane alikumbuka chungu alichovunja utotoni akamsingizia mbuzi, lakini hilo lilitendeka Walungu, nje ya mamlaka ya jimbo. Wema wa mtu huyu ulianza kuwachosha ndugu zake. Walikasirika hasa, kama watu wanaomngoja mgeni asiyeleta hata sukari.

Jumatatu Balagizi alionekana Kenmore, kando ya Buffalo, kwa Cubaka. Theluji ilifika madirishani. Hakuna aliyemuuliza amefikaje. Alichukua sepetu akafungua njia ya mlangoni, akaendelea hadi ya jirani, kwa kuwa ndivyo alivyo. Cubaka alifungua dirisha.

"We Balagizi! Acha kusaidia batu, fikiri! Hata kakosa kadogo!"

Balagizi aliegemea sepetu akafikiri.

"Nilivuaka samaki mu mto Ohio," alisema hatimaye. "Kule kwetu Kentucky. Bila permis, karatasi ya ruhusa."

Cubaka alitoka nje na soksi akamkumbatia. "Aksanti Yesu," alisema. "Mudogo wangu ni muhalifu!"

Kesho yake Balagizi alijisalimisha Louisville. Askari aliandika maelezo yake, akamshauri avae viatu. Kesi ilisikilizwa Jumatano na jaji yuleyule. Alimuuliza Balagizi kama anayaelewa mashtaka, naye akajibu kwamba anayaelewa. Bulonza akasimama nyuma.

"Mheshimiwa, huyu ndiye uliyesema hataamka."

"Kesi iliyo mbele yangu leo ni ya samaki," jaji alisema.

"Basi samaki mwenyewe nilimpika mimi. Uniandike pia, mimi na bwana yangu."

Jaji alisema sheria inamhusu mvuvi tu, na akamwomba rafiki wa mshtakiwa aketi. Kisha akamtia Balagizi hatiani, akamkemea, akaita kesi inayofuata.

Gavana alitia sahihi msamaha Alhamisi. Mwanasheria wake aliisoma katiba upande wa kushoto na upande wa kulia, akaona haisemi ni hukumu ipi inayofutwa wala ipi inayobaki, kwa hiyo zikafutwa zote alizotolewa Balagizi katika jimbo lile, ya samaki na ya mashine. Ijumaa asubuhi msimamizi mpole alipofika wodini, daktari alimwonyesha karatasi ya gavana. Bwana yule aliisoma, akasema anafurahi, na nadhani alifurahi kweli.

Mchana Balagizi aliingia wodini kwa mlango, akalivua koti la shemeji yake, akalitundika vizuri. Akapanda kitandani, akalala mahali alipokuwa amelala. Kisha akakohoa. Wauguzi wakaja mbio, mpira ukatolewa kooni, na Balagizi akaomba maji kwa sauti ya kukwaruza. Bulonza alikaa sakafuni. Alicheka, akapiga magoti, akacheka tena.

Baada ya siku kadhaa muuguzi alikuja kuyaeleza matibabu ya nyumbani. Aliomba awepo mtu wa familia. Rafiki, alisema kwa adabu, angeweza kusubiri kule nje. Hukumu za Balagizi zilikuwa zimefutwa, lakini ile ya urafiki ilikuwa ya Bulonza, naye hakuwa na kosa la kusamehewa.

"Huyu ni bibi yangu," Balagizi alisema.

Muuguzi alijibu kwamba atauliza ofisini, akatoka. Bulonza hakutoka. Alivuta kiti karibu, akafungua chupa ya uji.

"Nikipona tutaenda kufunga ndoa ya État, ya serikali," Balagizi alisema. "Tuwapatie hiyo karatasi yao."

Bulonza alipuliza kijiko.

"Mimi niliisha olewa, Papa Précieuse. Ni bao ndio habajaandika. Fungua kinywa."