Kivuli cha Dubu Mweupe

Anayechunga mifugo ya mwenzake huirudisha jioni kama alivyokabidhiwa asubuhi. Akipungua mnyama mmoja, mchungaji hulipa. Akizidi mmoja, hulipa pia, tena kwa aibu kubwa zaidi, kwa maana aliyepungua yamkini ameliwa na fisi, lakini aliyezidi hakudondoka kutoka mbinguni. Sheria hii haikuandikwa popote, wala hapana mtu kati ya Handeni na Korogwe, awe mkulima wa mahindi au mwenye ng'ombe, aliyepata kudai kwamba haijui.

Mzee Keriako alikuwa ameishi chini ya sheria hiyo kwa miaka sabini na miwili pasipo kulipa hata mbuzi. Ndiyo maana maneno ya Mary, mke wa mwanawe, yalimchoma kuliko mwiba wa mgunga. Mary alikuwa muuguzi wa zahanati, mwanamke wa maneno machache na macho yanayopima homa kwa mbali.

"Baba, mwaka jana Angel alirudi kwangu midomo imepasuka kama tope la lambo," alisema. "Desemba hii watoto watakwenda Dar es Salaam kwa mama yangu. Kule kuna kiyoyozi."

"Kiyoyozi ni nani?"

"Si mtu, baba. Ni mashine inayopuliza baridi ndani ya nyumba."

"Na mashine hiyo inawajua watoto kwa majina?"

Mary alitaka kucheka, akajizuia. Wajukuu walikuwa watano. Mkubwa aliitwa Lekakeny, mwenye umri wa miaka minane na ulimi wa wakili; mdogo kabisa ni Angel, wa miaka mitatu. Bila watoto hao likizoni, boma la Mzee Keriako lilikuwa kimya kama kanisa siku ya Jumanne, naye alilijua jambo hilo, na mkewe Nalotuesha alilijua zaidi. Basi wakapatana. Mwana wa mzee alikuwa amewanunulia watoto tiketi za Bustani ya Barafu, mahali papya pa michezo palipofunguliwa kando ya barabara iendayo Segera. Babu angewapeleka peke yake, kwa siku moja. Saa kumi na mbili jioni angewakabidhi kwa Mary kituoni Segera. Ikiwa hakuna aliyeungua, hakuna aliyezimia na hakuna aliyepotea, wangerudi naye Handeni hadi shule zifunguliwe. La sivyo, wangepanda basi la Dar saa hiyo hiyo, na mabegi yao yangekuwa tayari kituoni.

Asubuhi Mzee Keriako aliwapokea watoto mlangoni pa gari la kukodi. Hakuwahesabu. Kwao watu hawahesabiwi kama maharage. Kumtajia mtoto namba ni kumwonyesha kwa mauti. Mchungaji hodari hulitazama kundi lake mara moja, akalitia machoni, na tangu hapo jicho lenyewe humwambia palipo pengo.

Bustani ya Barafu ilikuwa imejengwa na mtu ambaye, kwa dalili zote, hakuwahi kusimama nje mchana. Juu ya lango paliandikwa HAPA NI BARIDI DAIMA, nalo lango lilikuwa la chuma, hata bawabu alilifungua kwa kutumia kitambaa. Ndani palikuwa na milima ya theluji iliyofinyangwa kwa saruji na kupakwa rangi nyeupe, iliyong'aa kiasi kwamba kina mama waliingia wakiwa wamejifunika nyuso kwa kanga. Palikuwa na Ziwa la Barafu, shimo kubwa lililopakwa buluu na kusubiri maji tangu siku ya ufunguzi. Palikuwa na kitelezo cha bati. Mtoto wa kwanza aliyekipanda alifika chini kwa kasi ambayo haikutokana na mteremko, akaendelea kukimbia hadi langoni. Miti yote ilikuwa imekatwa. Mzee alipouliza sababu, alijibiwa kwamba penye barafu hapaoti miti.

Katikati ya uwanja alisimama dubu mweupe wa saruji, mrefu kama nyumba ya ghorofa, kwa miguu yake minne, ameielekeza pua kwenye milima ya Usambara kana kwamba anaomba kuhamishiwa huko. Dubu huyo ndiye peke yake aliyekuwa na kivuli.

Mzee Keriako aliutazama uwanja kama atazamavyo malisho mageni. Kisha akatoa amri. Hakuna kukimbia jua likipanda. Watanywa maji kabla ya kuona kiu, kwa sababu ndama anayelilia maji amekwisha kuchelewa. Atatangulia Angel, kwa kuwa kundi huenda mwendo wa aliye mnyonge. Akaivua shuka yake nyekundu ya juu, akaichana vipande, akavichovya ndani ya ndoo na kumfunika kila mtoto kichwa. Akawalaza chini ya kivuli cha dubu.

"Babu, tumekuja kucheza," alisema Lekakeny.

"Mtacheza jua likishuka. Sasa cheueni."

"Hatuna cha kucheua."

"Basi cheueni mawazo."

Ndipo akafika mama mmoja wa makamo kutoka Mashewa, jina lake Munira, akimkokota mjukuu wake Ikram, msichana wa miaka minne aliyekuwa mwekundu macho kwa kulia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mama. Habari za jua?"

"Jua halina habari, lina kesi. Mzee wangu, nakuomba unishikie huyu, niswali sala ya dhuha nirudi."

"Mlete. Akiingia kundini kwangu, ni wa kwangu mpaka umtwae."

Akamchania Ikram kipande chake cha shuka, akamlaza nyuma ya Angel. Munira alikwenda akasali, akarudi, akaketi akiuegemea mguu wa nyuma wa dubu ili apumzike kidogo. Akalala usingizi wa mtu aliyeamka alfajiri kukaanga vitumbua vya safari.

Wazazi wengine walipoona watoto sita wametulia kama ndama waliokwisha kunyonya, walianza kuleta wa kwao. Hawakuomba tena, walisukuma tu. Muda si muda watoto thelathini na zaidi walikuwa wamelala kivulini. Ndipo akaja meneja, Bwana Bernardo, amevaa tai na sweta la sufu lenye picha ya theluji, jasho likimtiririka hadi viatuni.

"Mzee, hapa ni mahali pa kupigia picha. Kivuli hiki ni mali ya bustani."

"Hatukichukui. Tumekilalia tu."

"Basi kilipiwe kama michezo mingine."

Bwana Bernardo akaleta ndoo ya chokaa, akauchora mpaka kukizunguka kivuli chote, akasimika kibao: KIVULI, TIKETI MAALUMU. Kazi ilimchukua nusu saa, naye aliifanya kwa unadhifu. Alipoinua kichwa, kivuli kilikuwa kimetoka nje ya mpaka kwa hatua mbili, na Mzee Keriako alikuwa amewasogeza watoto pamoja nacho.

"Rudini ndani ya mstari!"

"Ndani ya mstari mna jua, bwana mkubwa. Jua hukusema lilipiwe."

Bernardo akachora mpaka wa pili. Kivuli kikahama. Akachora wa tatu, safari hii akiwa ameutanguliza mbele kwa hila ili kivuli kimkute, lakini alikosea upande, akabaki analinda kipande cha uwanja mtupu, akiwauliza wapita njia tiketi zao. Kufikia saa sita uwanja ulikuwa umejaa mistari ya chokaa kama viwanja vitano vya mpira vilivyorundikwa pamoja, na kivuli kilikuwa kimeanza kujikunja. Jua lilikuwa linapanda utosini mwa dubu. Kivuli kikawa kifupi, kikawa chembamba, mwisho kikaingia chini ya tumbo la mnyama na kukaa huko.

Mzee Keriako aliwaingiza watoto wote chini ya tumbo, wadogo katikati na wakubwa pembeni, kama kondoo wakati wa mvua ya mawe. Meneja alisimama juani akiitazama chokaa yake. Kisha, kwa sauti ya mtu aliyeshindwa kesi, akauliza kama pangekuwa na nafasi ya mtu mzima mmoja.

"Vua hilo sweta kwanza," alisema mzee. "Siingizi mgonjwa kundini."

Akalivua, akaingia kwa kutambaa.

Wakati huohuo alitokea pengwini. Alikuwa kijana aitwaye Elisha, aliyeajiriwa kuvaa vazi nene la manyoya na kuwapungia watoto mkono. Alipunga mara mbili, akazunguka kama kuku aliyekunywa pombe, akaanguka kifudifudi. Mzee Keriako alimwendea mbio, akampigia goti, akashika kichwa cha pengwini kwa mikono miwili na kukivuta kwa nguvu. Kikatoka.

Chini ya tumbo la dubu yalipanda mayowe yasiyo na mfano. "Babu amemchinja!" walilia watoto thelathini kwa pamoja. Mzee hakuwajali. Alimmwagia Elisha maji shingoni na makwapani, akamnywesha maji yenye chumvi kidogo, akamburuta kivulini kwa miguu. Elisha alipofumbua macho na kusema "Asante, mzee," mayowe yaliongezeka maradufu, kwa sababu aliyechinjwa sasa alikuwa anashukuru. Munira peke yake hakuamka.

Jua liliposhuka, watoto waliachiwa wacheze, wakacheza kweli, na kitelezo kikawa cha vuguvugu tu. Saa kumi na moja kasoro wazazi walichukua watoto wao. Mzee Keriako akainyoosha fimbo yake kati ya bega lake na mguu wa mbele wa dubu, kama mlango wa zizi, wajukuu wakapita chini yake mmoja mmoja, vichwa vimefunikwa vitambaa vyekundu. Akalisubiri jicho lake. Jicho likamwambia hapana pengo. Akashukuru Mungu, akawapakia garini, nao wakalala wakirundikana hata kabla ya lami.

Kituoni Segera, kati ya wauza machungwa na wauza korosho, Mary alikuwa amesimama kando ya mabegi matano. Aliwapokea watoto mmoja mmoja mlangoni. Aligusa paji la uso, akatazama midomo, akafinya ngozi ya mkono ili aone kama inarudi upesi. Hakuna aliyeungua. Hakuna aliyekuwa na homa. Uso wake ulianza kulegea. Kisha mkono wake ukasita juu ya kichwa cha mwisho.

"Baba," alisema polepole, "nilikukabidhi watano."

Mzee Keriako alitazama. Pale alisimama Ikram, ameshika sketi ya Angel, ametulia kabisa. Ndipo mzee alipoelewa kosa lake, na moyo ukamshuka hadi kwenye makubazi. Jicho lake lilikuwa limekwisha kumtia Ikram kundini tangu asubuhi. Kama mtoto yule angebaki bustanini, hapo ndipo jicho lingeona pengo.

"Mama, ulisema asipotee mtu," Lekakeny alitetea. "Hukusema asizidi mtu."

"Nyamaza, Lekakeny."

"Mwache," alisema mzee. "Anasema uongo wa kisheria, lakini kwa heshima." Akageukia barabara. "Mary, nipe simu. Tumpigie meneja, mwenye mtoto apewe habari."

Hapakuwa na haja. Bodaboda ilisimama mbele yao kwa kishindo, na Munira akashuka kabla haijatulia, kanga moja mabegani, nyingine mkononi kama mjeledi.

"Mchungaji! Nilikupa mtoto umshike, umehama naye! Bawabu ndiye aliyenionyesha njia mliyopita!"

"Ni kweli," alijibu mzee. Akamtwaa Ikram mkono, akampeleka kwa bibi yake.

Munira alimkagua mtoto toka utosi hadi kidole, akakuta hana hata mkwaruzo. Hasira ikapungua, aibu ikaingia. "Na mimi nililala," alinung'unika. "Wafagizi wa bustani walinifagilia miguuni nisiamke. Tuseme tumekosa wote, mzee wangu, yaishe."

"Mwenye mifugo hulala, mama. Mchungaji halali. Amezidi mmoja, nalipa kondoo jike mmoja. Jumamosi utamwona Mashewa."

"Mtoto mzima hivi, kondoo wa nini?"

"Angekuwa amepungua, ungeuliza swali hilo?"

Wakati huo basi la Dar liliingia kituoni likipiga honi, na utingo akaruka chini akiita abiria na kuyashika mabegi mawili kwa pupa. Mzee Keriako aliyatazama mabegi yale. Aliyajua mapatano, na mtu aliyekwisha kukiri kosa moja hastahili kujitetea kwa jingine. Angel alimwendea, akamkumbatia mguu.

Mary alimtazama mkwewe, akamtazama Munira, akamtazama utingo.

"Yarudishe chini hayo mabegi, kaka."

"Dada, gari inaondoka!"

"Iondoke salama." Kisha akamwambia mzee, kwa sauti ya chini, "Kiyoyozi kikinipotezea mtoto, nitakidai kondoo gani?"

Jumamosi Mzee Keriako alifika Mashewa na wajukuu wake watano, wakimswaga kondoo jike mweusi mwenye doa jeupe shavuni. Munira alitoka nje na majirani wawili kuwa mashahidi. Kabla ya kuikabidhi kamba, mzee alipiga magoti mavumbini, akaingiza mikono yote miwili chini ya tumbo la kondoo, akalipapasa taratibu kutoka upande huu hadi upande ule, kisha akarudia tena, mpaka alipohakikisha kwamba halina mimba na kwamba analipa mmoja tu. Ndipo akasimama, akampa Munira kamba, naye Munira akaipokea.